Saa Moja ya Alumini

Changwon, Jumamosi

Dada Mi-ran,

Kimchi yako, kabichi ya pilipili, imefika, imechacha sawasawa. Mgongo bado unanisumbua. Sikukuu ya mavuno, Chuseok, sitakuja, msinisubiri.

Kazi yetu unaijua: makasha ya gia za helikopta yakilika, tunayajaza kwa unga wa alumini unaorushwa kwa kasi mpaka unashika bila kuyeyuka. Ukishapakwangua kwa mchanga, una saa moja tu kabla hapajaota utando unaozuia unga kushika. Jumanne tulikwangua, kisha tukaenda kumuaga kwa chakula mzee Noh wa karakana yetu, anayestaafu. Nani angenyanyuka kabla mzee hajaweka vijiti vyake vya kulia chini? Akasimulia saa mbili nzima. Tuliporudi tukapuliza hivyo hivyo, nami nikatia sahihi.

Jana nikasema alumini ile ibanduliwe, kazi irudiwe.

"Unamuaibisha mzee wa watu kwa karamu yake ya kuagwa?" bosi akaniwakia. "Haya, utairudia mwenyewe, sikukuu yote!"

Rubani wako, mumeo, akirudi toka angani akaanza kunisifu, mnyamazishe. Siku tatu nilikaa kimya. Nilifungua mdomo nilipoona kwenye sanduku la kusafirishia kasha lile jina la kikosi chake. Lingekuwa la kikosi kingine, ningekuja kwako kula keki za mchele.

Mdogo wako aliyechoka,
Dal-su