Nimemuua Mjomba Kwenye Fomu ya Bima

Mama Scholastika, shikamoo. Nakusikilizaga redioni kila Jumamosi, na leo ni mimi ninayeomba unisaidie kabla ya Alhamisi ijayo, maana Alhamisi mtu wa bima anakwenda nyumbani kwetu Bukima kuonana na wafiwa, na huko hakuna aliyekufa.

Mimi ni kibarua wa mgodi mdogo huku Buhemba, shule niliishia darasa la sita, na mwaka wa nane huu niko mbali na kwetu. Nilidunduliza nikanunua gari dogo lililochoka kama mimi, na nilipokwenda kulikatia bima dada wa pale aliniuliza ni la biashara au la kutembelea, nikasema la kutembelea, na siku hiyo ilikuwa kweli, nilikuwaga naendea kanisani na kumsalimia mjomba wangu Baltazar aliyenilea. Ila msimamizi wetu, Magesa, alipoona nina gari akaanza, Masatu hebu pitia pampu mjini, Masatu wapeleke hawa wakachimbe, mafuta ananiwekea, nami sikuona kosa kwa kuwa gari ni langu.

Jumanne asubuhi, wiki mbili zilizopita, nilitoka Musoma na pampu ya mgodi nyuma na mwenzangu Burito pembeni, tulipopita Butiama tairi la mbele likapasuka tukaingia mtaroni, pampu ikaja mbele pamoja na kiti, mguu wa Burito ukavunjika mara mbili. Mimi nilichubuka kidevu. Magesa alipofika aliitazama pampu kwanza, halafu akaniambia, "Bima yako ni ya kutembelea. Ukisema kazi, umekwisha. Sema mlikuwa mnaenda msibani. Nani anamhojiga mfiwa?"

Fomu ilitaka jina kamili la marehemu. Mama, katika ukoo wetu mtu pekee ambaye majina yake matatu nayaandika bila kukosea ni mjomba Baltazar, basi nikamwandika yeye. Dada wa bima akanipa pole, kisha akauliza, "Na pampu?" Nikasema ya kuvutia maji ya waombolezaji. Akauliza, "Mbona Bukima ni huku ziwani na gari lilikuwa linaelekea Buhemba?" Nikasema ni huzuni.

Burito naye nilimpelekea karatasi hospitalini akatia dole gumba kwamba ni mpwa wa marehemu, sasa manesi wanampa pole ya mguu na pole ya msiba, na uji wanamwongezea. Daktari anasema mguu unataka chuma, asipowekewa hatashuka tena shimoni, na ndugu zake wanangoja bima. Juzi mjomba kanipigia mwenyewe. Jirani alisikia habari mjini akaenda pale nyumbani analia, akamkuta mjomba anaanika dagaa. Mjomba akaniuliza, "Masatu, nasikia nimekufa. Niliugua nini?" Nikakata simu, nikasingizia mtandao. Kwetu kumtangaza mtu mzima kuwa amekufa naye yu hai si mzaha, ni kumwitia kifo. Magesa anasema nimbembeleze mjomba akajifiche Bunda kwa binti yake Helena hiyo Alhamisi moja tu. Nikisema kweli bima wataniacha na Burito atakosa mguu, nikinyamaza nitamtazamaje mjomba? Nifanyeje?

Masatu, Buhemba.

*

Marahaba, Masatu. Pole ya ajali. Ya msiba sikupi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kosa la kwanza nalielewa, wengi mnalo: mnadhani gari likiwa lako, bima inakufuata popote. Bima inauliza gari linafanya kazi gani. Siku ulipoanza kubeba pampu za mgodi ilikupasa urudi kwa yule dada ukamwambie mambo yamebadilika. Angekuongezea malipo, ungenung'unika, na leo mjomba wako angekuwa anaanika dagaa kwa amani.

Kosa la pili ndilo limenishinda. Mtu aliyekulea!

Sasa sikiliza ambalo Magesa hakukuambia. Mtu akivunjika mguu akienda msibani, huo ni mkosi wake. Akivunjika akipeleka pampu ya mgodi kwa amri ya msimamizi, ameumia kazini, na kuumia kazini kuna fidia, na mwajiri anahusika. Ule msiba haukuundwa kukulinda wewe. Uliundwa kumtoa Magesa kwenye ajali ile, mgodi usidaiwe. Wewe unahofia bima, lakini aliyetia dole gumba akajinyima haki yake ni Burito, na karatasi ulimpelekea wewe.

Mjomba asijifiche popote. Kesho nenda Bukima umwangukie. Usimweleze habari za mtandao. Akitaka mbuzi wa kutengua hicho kifo ulichomwitia, toa mbuzi. Akitaka na padri awepo, awepo.

Jumatatu asubuhi uwe kwa yule dada wa bima, uombe kuandika maelezo mapya: pampu, kazi, na nani alikutuma. Kama Magesa alikutumaga kwa jumbe za simu, usifute hata mmoja. Kama na polisi uliwaachia huo msiba, nenda kaufute. Gari lako huenda wakakataa kulitengeneza. Kubali, umevuna ulichopanda. Lakini wakimkataa na Burito, dai jibu kwa maandishi ulipeleke kwa wasuluhishi wa migogoro ya bima. Halafu fuatana na ndugu zake hadi kwa ofisa wa kazi, mgodi uandikishe ajali hiyo kama ajali ya kazini. Magesa anaweza kukufukuza. Shimo jingine utapata. Burito mguu mwingine hapati.

Ukishamaliza yote hayo, mchukue mjomba umpeleke hospitalini akamjulie hali Burito. Avae shati lake la kanisani, ajitambulishe kwa majina yote matatu, na manesi wamwone.