Udongo Mpya Sakafuni

Mushaki, Alhamisi jioni. Mvua ya manyunyu tangu mchana, na ukungu umeshuka mpaka barabarani.

Shajara, leo nina hofu, na hofu yenyewe inaniudhi. Nimewahi kuogopa risasi, nimewahi kuogopa njaa. Leo naogopa sakafu ya nyumba yangu.

Ngoja nieleze vizuri. Mimi ni mjane, mzaliwa wa Butembo, na hapa Mushaki nina kaduka ka chumvi, sabuni, mafuta na kibiriti. Watu wananiita Mama Kahindo, kwa jina la binti yangu anayesomea ukunga kule kwetu. Karibu kila ninachopata kinamfuata yeye. Mimi nina sufuria moja, mkeka, blanketi, vikwembe viwili vya kujifunga, kimoja cha kanisani, na simu hii ninayoandikia. Sombe yangu, majani ya muhogo, naipika bila mafuta, ingawa mafuta nayauza.

Na kibiriti siwashi. Asubuhi nachukua kigae, naenda kwa jirani yangu Mama Bahati kuomba makaa, kama walivyofanya bibi zetu. Hilo ndilo linalowachekesha watu kuliko yote. "Mama Kahindo, unauzisha kibiriti na unakuyaka kuomba moto!" Mama Bahati hupaza sauti mpaka wapita njia wageuke. Makaa ananipa, lakini ananipa pamoja na kicheko. Najifanya sisikii. Kumbe nasikia sana, na kuna asubuhi narudi nyumbani na kigae changu huku machozi ya hasira yananitoka.

Bahili, wanasema. Watu wa Butembo wote wako hivyo.

Hawajui habari za Pinga, nilikoishi kabla ya kuja hapa. Kule nilikuwa na nyumba iliyojaa: vitanda vya mbao, kabati, cherehani, vyombo vya wageni. Vita vilipofika tulitoka na kile tulichoweza kubeba kichwani, na cherehani haikubebeka. Tangu hapo niliapa kwamba sitamiliki tena kitu kisichoweza kukaa kichwani mwangu. Hapa sijamweleza mtu. Labda ni kiburi. Niliona afadhali waniite bahili kuliko wanihurumie.

Basi walicheka, nikawaacha. Lakini siku hizi kicheko kimebadilika. Sokoni wameanza kuulizana: mtu anayeuza kila siku na wala hali vizuri, feza anaweka wapi? Ni swali dogo tu. Ila majuzi watu wa bunduki walimwendea mzee mmoja wa mlima ule wa pili, kwa sababu ilisemekana ameuza ng'ombe na kuficha pesa. Walimpiga, wakachimba sakafu yake yote. Walikuwa kundi gani, hakuna aliyeuliza. Siku hizi hatuulizi.

Ndipo nikapata ile akili yangu kubwa.

Shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya kanisa, husali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu yangu nimekuwa nikiikwepa tangu nifike: mara ninaumwa, mara niko safarini Sake kununua bidhaa. Safari hii nilikubali. Nikasema waje, waingie, wakae, waone kwa macho yao kwamba hakuna kitu cha kuchukua. Nilijua nitaona haya. Lakini heri haya kuliko fimbo.

Jana nikajiandaa. Panya walikuwa wametoboa sakafu pale pembeni ninapotandika mkeka, na sikutaka wageni wakae juu ya mashimo. Mwanamke wa hapa akipokea wageni hupaka sakafu nzima, udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Mimi nilichota beseni moja tu. Kwa nini nipake nzima wakati palipoharibika ni pembe moja? Nikaziba mashimo, nikalainisha kwa kiganja, nikaridhika na kazi yangu.

Hata udongo, ambao hauuzwi, niliubania.

Leo mchana wakaja. Waliacha viatu vya matope mlangoni, wakatazama kuta, wakaitazama sufuria yangu. Niliona nyuso zinalainika, nikadhani nimeshinda. Tukaanza rozari. Katikati ya sala nikafumbua macho, na nikaona hakuna aliyefumba. Wote walikuwa wanatazama pembeni: sehemu moja nyeusi, mbichi, katika sakafu kavu ya kijivu, pale pale ninapolala.

Tulipomaliza, Papa Janvier, anayetuongoza sala, aliuliza kwa utani, "Mama Kahindo, hapa ulizika nini?"

"Ni panya njo ilitoboa, Papa," nilimjibu.

Walicheka, lakini kidogo mno. Niliwapikia chai yenye sukari, ya kwanza tangu nihamie nyumba hii, katika vikombe vya kuazima, na hakuna aliyemaliza kikombe. Ghafla kila mmoja alikuwa na kazi nyumbani.

Mama Bahati akabaki. Nilidhani amebaki ili anicheke peke yake. Akakaa, anakunja na kukunjua pindo la kikwembe chake, kisha akasema, "Mimi najua ni panya. Lakini kule njiani banasema ni feza. Usilale hapa leo, kuya kwangu." Akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Ni mimi njo nilianzaka kuchekesha batu juu yako. Sikujua itafika huku."

Halafu akaongeza, "Na kibiriti ulete. Kwangu moto imezimika."

Nilicheka mpaka nikalia. Nikamwambia habari za Pinga, zote, mpaka cherehani.

Sasa mzigo wangu wa kwenda kwa Mama Bahati nimeufunga, niko nao hapa mlangoni nikiandika kabla giza halijaingia. Umetosha kichwani kwa safari moja, kama nilivyopanga. Nilijinyima ili siku ya kukimbia nisiwe na cha kulilia. Sikuwaza hata mara moja kwamba kujinyima kwenyewe ndiko kutakakonitoa nyumbani. Kahindo, wewe uliyenifungulia blogu hii, najua utasoma. Usije. Endelea na masomo yako, mwanangu.

Kesho kukipambazuka mimi na Mama Bahati tutarudi hapa na jembe. Tutafungua mlango wazi, tutaita watu, na mimi mwenyewe nitachimba pembe ile wote wakitazama. Shimo sitalifukia. Anayetaka kuchungulia achungulie, na panya wakitaka warudi.

Lakini wakisema pesa nimeshazihamisha, nitachimba wapi tena?