Pumzi Juu ya Almasi ya Mama Yako

Neema, mama yako ametengeneza almasi maabarani! Mwanangu, wa tumbo hili! Marahaba, mjukuu wangu. Huku Ilemela tu wazima.

Unauliza kama ni feki, maana wenzako bwenini wanakucheka. Hata mimi alipoileta nilimcheka: "Mwanangu, hiki si kipande cha chupa?"

"Mama, hii inawekwa kwenye mitambo, ipitishe umeme mkali bila kuungua."

Nikakumbuka usichana wangu Shinyanga. Baba alipulizia pumzi kila jiwe lililong'aa. Ukungu ukikawia, analitupa, maana almasi haikai na joto. Basi nikapulizia. Ukungu ukatoweka kabla sijafunga mdomo! Nikakaa chini, puu!

Waje hao wanaokucheka, wapulizie wenyewe. Nawangoja wote Jumatatu ya Pasaka.