Sakafu ya Bibi Imeinuka

Katandala, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nataka kujua kama homa ya mdogo wangu Batho imeisha, na kama maji yamebakiza mpunga wowote huko Mtowisa, maana hapa mvua haikatiki na baridi inaingia mpaka kwenye blanketi. Mimi ni mzima na shule naendelea. Bibi anakula vizuri, ila nina wasiwasi juu yake, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ninayoazima ni ya mama mkubwa, na nikiongea nayo huwa yuko pembeni yangu anachambua maharage.

Unakumbuka Bibi alivyoteleza kwenye sakafu ya saruji akavunjika nyonga, na daktari akasema akianguka tena hatatembea. Baba mkubwa akaamua chumba chake kiwekwe mbao, zisizoteleza wala kuumiza miguu kwa baridi. Fundi Deo alimletea aina mbili achague. Moja ilikuwa paina, nyeupe na nyepesi, lakini fundi aliibonyeza kwa ukucha ikabaki alama, akasema mkongojo wa Bibi utaitoboatoboa. Nyingine ilikuwa mwaloni, mbao zilizong'olewa kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa inakarabatiwa. Nzito, rangi yake kama chai ya maziwa, na ukucha haukuingia. Mti huo nilikuwa nausikia tu kwenye masomo ya kanisani. Baba mkubwa akauchagua. Mbao zikalala chumbani siku nyingi zizoee hewa ya humo, ndipo zikapigiliwa.

Alipomaliza, fundi aliacha uwazi wa upana wa kidole kati ya mbao na ukuta, pande zote. Nilikuwa nimewapelekea chai, nikamsikia akimwambia baba mkubwa, "Mbao hii hata ikikauka vipi, bado inavuta unyevu. Ikivimba masika lazima iwe na pa kwenda. Nitakuja kufunika hapa kwa ubao mwembamba. Na maji msimwage. Kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe, basi." Mama mkubwa alikuwa sokoni. Kesho yake baba mkubwa akaondoka na lori kwenda Mpanda, na fundi akapata kazi Muze.

Mama mkubwa alipouona ule uwazi alisema fundi amekosea vipimo, panya watapita hapo. Akachanganya saruji na mchanga, akaziba pande zote, akalainisha kwa mwiko vizuri kabisa. Nilimwambia kwamba fundi alisema paachwe. Akacheka. "Fundi gani anaacha shimo makusudi?" Kisha kila asubuhi akawa anadeki chumba kile kama anavyodeki nyumba nzima: anamwaga ndoo ya maji na sabuni ya unga, halafu anayasukuma kwa fagio mpaka nje. Nilijaribu tena. Akaniuliza mbele ya jirani, "Kwani hivyo vitabu vyako vinasema watu wakae na uchafu?" Jirani akacheka mpaka akashika mbavu. Nikaenda kuosha vyombo. Unanijua.

Mvua zilipochanganya, mbao zilianza kulia tukizikanyaga. Baadaye zikainuka katikati ya chumba, hapo hapo Bibi anapopita kwenda mlangoni. Pakawa na kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Jumatano Bibi akajikwaa hapo. Bahati nilikuwa nimemshika kiwiko. Hakuanguka, lakini alining'ang'ania mpaka kucha zake zikaacha alama, na tangu hapo akawa hataki kushuka kitandani kama mimi sipo. Nikawa nakaa darasani bila kusikia mwalimu anasema nini.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu, wanajumuiya wa kanisani walikuwa wanakuja kusali chumbani kwa Bibi. Asubuhi mama mkubwa akaja na ndoo mbili zimejaa. Nikasimama mlangoni.

"Pisha, Skola."

"Mama mkubwa, naomba usimwage."

"Watu wanakuja. Pisha."

"Bibi ataanguka. Maji ndiyo yameinua hizi mbao, na ile saruji inazibana."

Nilidhani ataniambia nikafungashe nguo zangu. Akatua ndoo, akasema kwa sauti ndogo ili Bibi asisikie, "Unajua wanavyomsema mkamwana ambaye chumba cha mama mkwe wake kinanuka? Wewe hujaolewa. Huyajui hayo."

Mama, jambo hilo sikuwahi kulifikiria. Nilidhani ananidharau tu.

"Mnagombana nini huko?" Bibi akauliza.

"Hatugombani, mama," akajibu.

Akautazama ule mgongo wa mbao, kisha akaenda kuleta nyundo na bisibisi, tukaanza kubomoa saruji. Tulipofika upande wa dirisha, ubao mmoja ukalia kama kuni inapopasuka, naye akaruka nyuma. Mgongo ukashuka kidogo, haukuisha. Nikafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa. Yeye akapita nyuma yangu ananusa. "Rudia hapo karibu na kitanda." Nikarudia.

Wanajumuiya wakafika, wakavua viatu. Mwenyekiti wao, yule mama wa sauti kubwa, akatazama kuta zilizomeguka chini, akamwambia mama mkubwa, "Mama Erasto, naona leo ndoo imepumzika." Wakacheka. Nikaangalia vidole vyangu.

Mama mkubwa akasema, "Sakafu hii nimeiharibu mwenyewe kwa maji. Skola, waeleze."

Nilianza kwa kunong'ona. Wakasema hawasikii, nikaanza upya. Mmoja akauliza kama kabati lake la mninga nalo halitaki maji, mwingine akamwambia kabati lake halitaki chochote, limekufa. Walipotulia, Bibi akasema anataka kusali akiwa amekaa nao, si kitandani. Mama mkubwa akamshika mikono yote miwili, akawa anatembea kinyumenyume, anautafuta ule mgongo kwa kisigino chake. "Hapa, mama. Inua mguu." Bibi akainua. "Na mwingine." Akavuka.

Fundi tumempigia. Amesema tuziache zikauke zenyewe kwa kufungua dirisha jua likitoka. Mama mkubwa alitaka kuingiza jiko la mkaa, fundi akakataa, akasema zitapasuka. Zikilala sawa atakuja kuzipaka nta. Kama hazikulala, hajui. Baba mkubwa anarudi wiki hii, na mama mkubwa amesema habari hii atampa mwenyewe, kwa hiyo usimtangulie kwa simu.

Msalimie baba, mjomba wa mashine ya kukoboa, na shangazi wa kwaya. Batho mwambie asome. Barua hii anakuletea dereva wa lori la mpunga.

Nimekatishwa kidogo, Bibi ameita anataka kwenda nje. Nikasimama, lakini alikuwa anamwita mama mkubwa.

Mwanao anayekukumbuka,
Skolastika