Ndama Asiyecheza Tumboni

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini kifua kimepungua, na mjomba Anton na watoto hawajambo huko Urambo. Mimi ni mzima, ila usingizi haba. Ningepiga simu, lakini najua sauti ingenikatika.

Uliuliza huyu bosi wangu ni daktari wa nini, maana hatibu mtu. Dkt. Veneranda anachunguza viumbe wakiwa bado tumboni. Alipoanza hapakuwa na mwingine mkoani kwetu. Alikwenda machinjioni kuomba mifuko ya uzazi ya ng'ombe waliokutwa na mimba, na wachinjaji wakamwita Daktari wa Supu, wakimwuliza hiyo anakula na chapati. Alicheka nao, akachukua, kesho yake akarudi. Sasa vijusi vimejaa rafu nzima, kutoka kilicho kama harage mpaka ndama mwenye kwato. Mwanzoni niliogopa kupita karibu. Siku hizi nasimama kuvitazama.

Aligundua kwamba ndama tumboni lazima acheze. Hata wanaozaliwa na miguu iliyopinda huanza vizuri kama wenzao. Lakini mama yao akila mmea fulani wa porini, unaobaki kijani malisho yakikauka, ndama hutulia kama aliyelala, na viungo vyake hukakamaa hivyo hivyo. Aliwapa ng'ombe wa kituo chetu cha utafiti mmea huo, akaona. Alipouondoa, ndama wakazaliwa wazima.

Najua hapo umeacha kusoma kidogo, mama.

Wiki iliyopita alikwenda kuwaeleza wafugaji, na kijiji cha kwanza kilikuwa chetu, kule Choma. Alinichukua nitafsiri, maana wazee walitaka Kisukuma. Hakujua habari zetu. Nami niliondoka mdogo, hakuna aliyenitambua. Nilitafsiri vizuri mpaka aliposimama mzee Raymundi, yule aliyetangulia siku waliyotoa vyombo vyetu nje. Alisema mmea ni maneno ya mjini; ndama wake walipindwa na macho ya mwanamke mmoja, ndiyo maana wakamfukuza. Mama Minza akamwuliza, basi yule ndama wake wa mwaka jana alipindwa na macho ya nani? Watu wakacheka.

Daktari akaniuliza mzee amesema nini. Nikamtafsiria yote. Nikasema kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili: "Mwanamke huyo ni mama yangu."

Kicheko kikakatika. Daktari akaja kusimama karibu nami, akainua ule mmea, akauliza nani anao kwenye malisho yake. Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa mzee Raymundi ulikuwa wa mwisho.

Wakati wa kuondoka mzee alinifuata garini. Anataka kuja na wazee, walete mtamba, wakuombe radhi. Aliuliza unaishi wapi. Sikumwambia, mama. Nilisema nitakuuliza wewe kwanza.

Usiharakishe kunijibu. Ukikataa, hawatapajua unapoishi kutoka kwangu, wala sitakulaumu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na dawa ya kifua usiikatishe.

Mwanao akupendaye,
Wilbroad