Matao ya Pikapu ya Dulla

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Luku ya umeme haijaisha. Nimeiangalia asubuhi, nikaiangalia tena baada ya adhuhuri – uniti karibu zile zile. Zamani pikapu ilikuwa inazila usiku kucha, waya umepita dirishani, na mimi nagomba: Dulla, hili ni gari au mgeni asiyeshiba? Majirani wanampitia barazani wanamtania, vipi, simu yako imejaa chaji? Anacheka. Sasa umeme ni wa taa na friji tu. Leo nimelia kwa sababu ya Luku! Nani analia kwa kuwa Luku haijaisha?

Matanga yamekwisha. Watu wameondoka na masufuria yao. Tumebaki mimi na Mama – mama yake Dulla – na eda yangu. Nguo nyeupe. Hakuna manukato, hakuna kutoka, hakuna kuonana na wanaume. Kariakoo nzima inapiga kelele nje ya dirisha, mimi nimo ndani nahesabu tasbihi.

Pikapu iko mtaa wa Gerezani kwa fundi Filbert. Dulla aliipeleka Jumanne, mzima kabisa. Alikuwa ameifunga matairi mapana, yakatokeza nje ya bodi, na kwa masika haya kila akitoka Feri na samaki anawarushia watu tope. Kuna bibi mmoja pale Msimbazi alimtukana mpaka babu yake! Ndipo akataka yale matao meusi ya plastiki yanayofungwa juu ya tairi – mafundi wanayaita fenda flea. Upande wa abiria ulishakamilika. Upande wa dereva bado. Akakaa kwenye benchi la fundi, akasema kifua kinambana. Basi. Ndiyo hivyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Shemeji Mwinyimvua amekuja, kaka yake mkubwa Dulla. Nimezungumza naye nyuma ya pazia. Anasema pikapu iuzwe mapema, kila mrithi apate haki yake. Gari la umeme likikaa bila kutembea, betri inakufa. Na mnunuzi yupo – Manan, yule kijana wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, anataka gari la kusambazia mzigo.

Nikasema, ningoje nitoke eda, angalau nilione. Akasema, kuliona kutasaidia nini, shemeji?

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma zaidi.

Mama amemuunga mkono. Kasema aliyekwenda kaenda, gari halimrudishi. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 16 Aprili

Filbert amekuja leo! Maskini hajui taratibu zetu, kafika mlangoni ananyoosha mkono anipe pole. Mama akampigia kelele, karuka nyuma mpaka kwenye ndoo ya maji. Ningekuwa na moyo ningecheka. Tukazungumza pazia katikati, Mama kasimama kama askari. Ilipoadhiniwa alasiri akaingia ndani kuswali, na hapo ndipo Filbert akashusha sauti.

"Shem, siku ile mimi nilienda kula. Dulla hakutaka kunisubiri, si unamjua. Akachukua kalamu, akaweka mwenyewe alama za mashimo upande wa dereva."

Namjua! Jicho langu rula – ndivyo alivyokuwa anasema. Hakuna picha humu ndani iliyonyooka.

"Sasa tao la mbele kaliweka juu mno. Nikitoboa kwenye alama zake, litapanda, halitafanana na la upande wa pili. Nikipima upya litakaa sawa. Nitoboe pake au pangu?"

Nikamuuliza, hizo alama bado zipo?

"Zipo. Nimezifunika na turubai, mvua isizifute."

Mungu amlipe. Nilishikilia pazia. Ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Aliweka kalamu chini, akaenda kukaa, hakuinuka tena. Sikumwona siku ile. Asubuhi aliondoka nikiwa bado nimelala, hakutaka kuniamsha. Nimebakiwa na nini? Shati moja ambalo halijafuliwa, na alama za kalamu kwenye bati.

Nikauliza, tope litazuilika? Akasema litazuilika, kwa macho tu ndiyo litakuwa la ovyo.

"Toboa pake."

"Shem, bati likishatobolewa limetobolewa."

"Filbert. Pake."

Mama alipotoka na mswala wake, fundi keshaondoka. Akauliza, alitaka nini? Nikasema kaja kutoa pole. Nayo si uongo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Gerezani wamefunga. Filbert alimaliza jana, na leo akitoka kanisani amenitumia picha. Nimeikuza mpaka simu ikawa moto.

Limepinda! Tena limepinda vizuri. La nyuma limetulia, la mbele limepanda kama mtu aliyeinua nyusi moja. Dulla akikuta mchuzi umezidi chumvi hasemi neno – ananitazama tu hivyohivyo. Nimecheka peke yangu chumbani. Halafu kicheko kikageuka, nikauma kanga ili Mama asisikie.

Nakupenda, mpumbavu wewe. Dakika chache tu ungemsubiri fundi. Ulikuwa unakimbilia wapi?

Jumanne, 22 Aprili

Mwinyimvua kaenda Gerezani, kaliona tao, fundi kamwambia tu kuwa mimi ndiye niliyeagiza. Kaja hapa amewaka. Shemeji, umeharibu mali ya marehemu! Gari la watu limekuwa kichekesho! Ijumaa baada ya swala litaletwa hapa, Manan alikague, na Filbert alifungue tao, azibe mashimo kwa puti, atoboe upya. Mbele ya kila mtu, ili nisimtumie fundi maneno mengine kwa siri.

Nilitaka kumwambia ni alama za nani. Nilisema tu, usilinyooshe, shemeji, nakuomba. Kisha akasema, Badria, na mimi nimefiwa.

Ni kweli. Alimbeba Dulla mgongoni utotoni. Nami nataka kumchukia, na siwezi hata hilo.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika nimesimama dirishani.

Wametoka msikitini, gari limeegeshwa mbele ya baraza. Kwa mara ya kwanza nimeliona kwa macho yangu, kupitia upenyo wa pazia. Picha haikusema kweli yote – limepanda zaidi. Manan kalizunguka, akacheka: "Bhai, huyu fundi alikuwa amelewa?" Filbert kashika drili, anaangalia viatu vyake. Mwinyimvua akamwambia, fungua.

Mama akatoka kutazama. Akasimama mbele ya lile tao, akauliza, nani kafanya hivi?

Mwinyimvua akasema, muulize mkweo aliye ndani.

Filbert ndiye aliyesema. "Mama, ni Dulla. Aliweka alama mwenyewe, siku ileile. Mimi nimetoboa alipoweka yeye."

Hata Mwinyimvua – kumbe hakuwa anajua. Katoa kofia, kairudisha kichwani, kaitoa tena.

Mama akaweka kiganja juu ya tao. Akakipitisha ukingoni, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu akakaa chini. Pale pale barabarani, kwenye maji ya mvua, na nguo zake za Ijumaa, mgongo kwenye tairi. Sijawahi kumsikia Mama akilia. Msibani alikuwa ndiye anayetupa maji ya kunywa. Sasa analia kwa sauti, mtaa mzima umesimama, mwenye mkokoteni kaacha mkokoteni wake katikati ya njia.

Manan anasema basi, bhai, leo tuache. Mwinyimvua kachuchumaa. Mama, inuka, umelowa. Mama hainuki. Kamvuta mkono akae naye, naye hajui akae au asimame. Filbert kaweka drili chini.

Na sasa ananiita. Mama huyuhuyu, aliyenikataza hata kufika barazani!

"Badria! Njoo. Njoo ushike hapa, mwanangu."

Wanaume wamejaa nje. Mlango hawakuufunga. Kanga ya pili ya kujitanda nikitoka siioni iko wapi, na yeye anaita tena.