Tangazo Lisilo na Sauti

Jumatatu, 6 Oktoba

Umeme umekatika tena katikati ya jaribio. Ajenti akasimama, nikaanza upya. Kazi yangu siku hizi ni hii: kumtazama mtu asiyekuwepo akibofya kurasa. Ajenti ni programu ya akili bandia. Unaiandikia maagizo, inafungua tovuti, inapita kila kitufe, kisha inasema kama mtu asiyeona ataweza kuitumia.

Ukurasa wa wiki hii ni wa kampuni inayochimba shimo la madini nyuma ya mtaa wetu. Unatangaza saa ya kulipua mwamba, ili watu watoke majumbani waende uwanja wa shule mpaka kishindo kipite. Zamani lilikuwa likipita gari lenye kipaza sauti. Kampuni imeliondoa. Sasa ni simu tu.

Ripoti imerudi kijani tupu, hakuna kasoro. Nilipaswa kufurahi. Nimechoka tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kitu kimenisumbua kutwa. Saa ya kulipua ikibadilika, mstari mwekundu unatokea juu ya ukurasa. Nilimuuliza ajenti: tangazo lipo? Lipo. Maandishi yanasomeka? Yanasomeka. Sikumuuliza kama lina sauti.

Jioni nikamfungulia yaya Feza, dada yangu mkubwa, ukurasa kwenye simu yake. Yaya haoni tangu surua ya utotoni. Anafundisha watoto Kurani, na kwa masikio tu anajua nani kameza herufi. Simu humsomea kila kilicho kwenye kioo. Ikamsomea: saa nne. Nami kwenye kompyuta nikabadilisha, nikaweka saa mbili. Mstari ukatokea kwake, mwekundu kama jeraha.

"Umebadilisha?" akauliza.

"Ndiyo, yaya."

"Mi sijasikia kitu."

Tukarudia. Kimya. Tangazo linang'aa mbele ya uso wake na yeye bado anangoja. Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyemficha.

Jumatano, 8 Oktoba

Tata Kabwe, patron wangu, mwenye ofisi ninayofanyia kazi, si mtu mbaya. Amechoka kuliko mimi. Ameshawaahidi wenye kampuni ukurasa.

"Mashine inasema biko bien, kila kitu sawa," alisema. "We unatafuta nini tena?"

Nikamwonyesha. Alitazama, akajipangusa uso.

"Tutatengeneza nyuma, baadaye. Ijumaa inafunguliwa."

Nilikataa kuandika kwamba ukurasa uko tayari. Akaandika yeye. Hakuniangalia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka kuongea na mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ukurasa umefunguliwa. Nimemwambia yaya asiuamini. Kesho wanalipua saa nne; saa ikibadilika nitampigia mwenyewe. Akacheka: "We ndiye sirène yangu ya kunionya sasa?" Baba yuko njia ya Kasaji na lori, hatarudi mpaka Jumapili. Mimi nimeitwa kazini kesho. Jirani yetu Mama Kyungu atampitia yaya saa tatu na nusu waende pamoja shuleni.

Sina nguvu hata ya kukasirika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamelipua mapema. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, wakaogopa mvua. Niliuona mstari mwekundu nikiwa ofisini. Nikampigia yaya. Hapatikani. Mama Kyungu, hapatikani. Mtandao wa mtaa mzima umekufa.

Nikachukua pikipiki. Kwenye kizuizi cha kuingia mtaani mlinzi wa kampuni akanishika mkono. Nikapiga kelele kwamba dada yangu yuko ndani, haoni.

"Mama, tulia, batu bote bameshatoka."

Bado anasema, ardhi ikaruka chini ya miguu yetu.

Aliponiachia nilikimbia nyumbani, nikamkuta yaya amejikunja kando ya meza, simu mkononi, mstari mwekundu ukiwaka kwenye kioo, nywele zimejaa vumbi. Tofali la juu ya dirisha lilimwangukia. Mkono wa kulia umevunjika. Mama Kyungu alikuwa sokoni, hakujua chochote. Yaya hakulia. Aliniuliza ni saa ngapi.

Nilimjibu kwamba hata saa tatu haijafika. Akasema tu, "Basi walidanganya."

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Patron alikuja hospitali jana. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia mapajani. "Nilisema nyuma," alimwambia yaya. Yaya akageukia ukutani. Hata mimi sikumsaidia.

Leo nimerekebisha ukurasa. Neno moja tu kwenye msimbo, linaloiamuru simu isome mstari mara unapotokea. Nilimaliza chai ikiwa bado ya moto. Hilo ndilo linaloniua.

Kisha nikamwandikia ajenti maagizo mapya: usiniambie kilichopo, niambie mtu asiyeona anasikia nini. Amerudi na kasoro nyingine ambazo hata sikuzishuku. Kumbe muda wote alikuwa akijibu nilichomuuliza, basi.

Nimemwambia patron kwamba kuanzia sasa hakuna ukurasa utakaofunguliwa kabla ya kusikilizwa na mtu asiyeona, na huyo mtu alipwe. La sivyo naondoka. Amekubali haraka mno. Tutaona.

Alhamisi, 16 Oktoba

Baba na watu wa mtaa walikwenda kukaa kwenye lango la kampuni, wakakataa kuondoka mpaka mkubwa mmoja atoke. Alitoka. Gari la kipaza sauti litarudi wiki ijayo. Baba amerudi na vumbi mpaka kwenye kope. Amekula, akalala na viatu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kulipua.

Yaya hawezi kujisuka kwa mkono mmoja. Alikaa mkekani, akaniegemea magotini, nikaanza kumtenganishia nywele. Bado kulikuwa na vumbi karibu na ngozi. Nikalitoa kidogo kidogo na mafuta.

"Pole pole," akasema. "Unavuta sana."

Nikalegeza. Alisinzia kabla sijafika upande wa pili. Sijamwamsha. Naandika haya kichwa chake kikiwa pajani mwangu, nusu kimesukwa.